Tulivyopima wasiwasi wa binti yetu kwa kuhesabu tunayoyafanya sisi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, mwanangu wa darasa la tatu hakubali niende hata dukani bila yeye. Nikimwacha analia mpaka anatapika. Wewe wako ulifanyaje?" Namjibu hapa, kwa sababu ujumbe wa namna hii naupata sana, na najua tunatafuta kitu kimoja: mtoto atoke mlangoni asubuhi bila vita.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na aliamini kwamba nikiwa mbali naye nitakufa. Nauza vitenge Kariakoo. Saa nne asubuhi simu inaita, ameazima ya mwalimu. Mteja kashika doti mkononi anasubiri bei, mimi nimegeukia ukutani: "Nipo mama, mzima, jioni narudi." Nikikata, haichukui muda inaita tena. Usiku analala kwangu, baba yake kahamia sebuleni. Harusi na misiba ya mikoani tukaacha kwenda. Ndugu wakasema nimemharibu mtoto. Mmoja alilisema siku ya Idi, sinia likiwa katikati yetu na mtoto mwenyewe anasikia. Mpaka leo linaniuma. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukesha naye.

Msaada ulianza na karatasi. Msaikolojia tuliyempata alitupa dodoso la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Huko Lisa Calvocoressi na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kupima jinsi familia zinavyojipinda kwa ajili ya mtu mwenye mawazo na matendo ya kujirudiarudia asiyoweza kuyaacha. Mwaka 2013 Eli Lebowitz na wenzake, hukohuko Yale, wakatoa dodoso hili, la wazazi wa watoto wenye wasiwasi. Lina maswali 13, na mengi hayamhusu mtoto, yanakuhusu wewe. Mwezi uliopita umemhakikishia mara ngapi kwamba hakuna baya? Umemsaidia kukwepa anachokiogopa? Umefanya kazi ambazo angefanya mwenyewe? Umebadili ratiba yako ya kazi? Kila jibu lina alama, 0 kama hujafanya kabisa, 4 kama ni kila siku. Yanayojumlishwa ni maswali 9 ya kwanza, kwa hiyo kilele ni 36. Manne ya mwisho yanauliza jambo lenyewe linakuumiza kiasi gani, na mtoto anafanyaje usipomkubalia: analia, anakasirika, anazidi kuogopa?

Tulijaza kila mtu peke yake. Mimi nilipata 29, mume wangu 11. Nyumba moja, mtoto mmoja! Yeye anaondoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo alikuwa akisema kwa nia njema kabisa kwamba mtoto hana shida kubwa. Zile namba mbili zilimaliza ubishi ambao maneno hayakuumaliza. Na dada wa kazi, ambaye ndiye aliyekuwa akisimama nje ya mlango wa choo akiimba ili mtoto ajue kuna mtu, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wazazi, muulizeni dada.

Msaikolojia alitueleza kwamba kila nilipopokea simu, binti alipata nafuu ya kweli, ila alijifunza kwamba nafuu iko kwenye sauti yangu tu. Basi tukachagua jambo moja, simu. Tulimwambia mapema, siku ya mapumziko, ameshiba: "Tunajua unaogopa, na tunajua utaweza. Kuanzia Jumatatu mama hatapokea simu kutoka shule mpaka saa ya kutoka, isipokuwa mwalimu mwenyewe akipiga." Alilia sana. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu, sitazirefusha hapa. Kisha simu zikakoma, tukahamia kwenye kulala. Tulipojaza tena dodoso nilipata 12, na binti alikwenda Tanga kwa shangazi yake bila mimi. Najivunia hilo, na nitalisema kwa sauti.

Kwa hiyo mama mwenzangu, usianze na mtoto. Anza na wewe. Andika yote mnayoyafanya kwa sababu ya hofu yake, chagua moja, mwambie kabla, halafu shikilia. Usimfokee, usimcheke, usimlinganishe na wa jirani. Utafiti wa Yale uliochapishwa mwaka 2020, wenye watoto 124, ulionyesha kuwa kuwafundisha wazazi peke yao kulisaidia kwa kiwango kisichopungua cha watoto waliotibiwa wenyewe. Uwezo tunao, tuache kungoja mtoto akue ndipo abadilike.

Dodoso halikwambii ugonjwa. Mtoto akitaja kujiumiza au akikataa kula, usipunguze chochote peke yako. Mpeleke kwa wataalamu wa afya ya akili, Muhimbili wapo, na hospitali ya mkoa wako wakupe rufaa. Nenda na ile karatasi uliyoijaza.