Choo cha kubana maji: je, kinafaa kuwekwa nyumbani Goma?

Maswali tuliyoyachagua safari hii yanahusu choo cha ndani na maji kinayoyameza, jambo linalowagusa wengi katika mji huu ambao ziwa liko mbele ya macho na bidoni (madumu) tupu ziko mlangoni.

Fundi ananishauri ning'oe choo changu cha zamani na kuweka chenye vitufe viwili. Tuko watu saba, na robine (bomba la maji) ikikauka tunanunua maji ya bidoni. Je, gharama hiyo itarudi? (Baba wa familia, Himbi)

Itarudi, Papa, lakini kasi yake inategemea mahali maji yako yanakotoka. Shasi nyingi za zamani, yaani matangi ya maji ya kuvutia choo, humwaga lita 9 kila zinapovutwa, na baadhi hufikia 13. Choo cha vitufe viwili, ambacho kilianzia Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, siku hizi kwa kawaida hutumia lita 6 kwa haja kubwa na lita 3 kwa haja ndogo. Tukichukulia kwamba kila mmoja wenu huvuta mara tano kwa siku, na mara moja tu kati ya hizo ni kwa haja kubwa, shasi ya lita 9 itameza lita 315, ilhali ile mpya itatumia lita 126. Tofauti ni lita 189, yaani bidoni tisa za lita 20 na ziada kidogo, kila siku. Zidisha bidoni hizo kwa bei unayotozwa na kijana wa chukudu (kigari cha mbao cha kubebea mizigo), kisha uhesabu siku ambazo robine ilikauka mwezi uliopita, nawe utapata jibu lililo sahihi kuliko la fundi, ambaye kwa vyovyote ana choo cha kuuza. Hata siku ambazo shasi haijai na mnamimina kwa ndoo, bakuli lililotengenezwa kwa lita 6 halidai ndoo nzima. Lakini ikiwa robine yako haikauki, na unalipa kiasi kile kile kila mwezi bila mita, sioni haraka yoyote ya kubadilisha.

Sisi hatuna shasi, tunamimina kwa kopo. Je, tununue choo cha kisasa ili tubane maji? (Mama, Ndosho)

Hapana, Mama. Choo cha kumimina chenye mfuniko wa maji shingoni (maji yanayobaki kwenye kona ya bomba na kuzuia harufu) huhitaji lita 2 au 3 tu, mradi umimine kwa nguvu na kwa mara moja. Ninyi tayari mnabana maji kuliko jirani mwenye vitufe viwili.

Sina pesa ya choo kipya. Je, tofali ndani ya shasi linasaidia? (Mpangaji, Katindo)

Tofali humomonyoka, na chembe zake huharibu mpira wa kuzibia. Afadhali chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyojazwa maji na mchanga, ikafungwa vizuri na kuwekwa mbali na boya. Kila ukivuta utaokoa ujazo wa chupa hiyo, ila kama bakuli halisafiki, iondoe, kwa sababu kuvuta mara mbili kunafuta faida yote.

Kabla ya hapo, hata hivyo, pima uvujaji, maana hapo ndipo maji mengi yanapopotelea bila mtu kujua. Tia rangi ya chakula ndani ya shasi jioni, usivute, na baada ya dakika 15 angalia bakuli. Rangi ikionekana humo, mpira umechoka, na kuubadilisha ni kazi ya bei ndogo ambayo mwenye nyumba hapaswi kukunyima.

Nimesikia kwamba vyoo hivi haviwezi kusukuma uchafu. (Msomaji, Majengo)

Lawama hiyo ilikuwa na ukweli wake. Marekani ilipoweka kikomo cha takriban lita 6 mwaka 1994, viwanda vilipunguza maji bila kubadilisha umbo la bakuli vya kutosha, na watu wakawa wanavuta mara mbili. Mabakuli ya sasa yameboreshwa, ila shasi na bakuli vinunuliwe pamoja, kwa kuwa shasi ndogo juu ya bakuli la zamani haifanyi kazi. Hapa kwetu, ambako mwamba wa volkano huwalazimu wengi kujenga shimo juu ya ardhi na kukipandisha choo kwa ngazi, hakikisha bomba ni fupi, lina mteremko na halina kona nyingi.

Je, fosi septiki yangu (shimo la maji machafu) itachelewa kujaa? (Msomaji, Kyeshero)

Kama shimo lako halipitishi maji, ndiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya kinacholijaza ni maji. Kama lina njia ya kunyonyea, uchafu mzito utarundikana kwa mwendo ule ule, lakini maji machafu yatakayopenya katika nyufa za mwamba yatapungua, na katika mji wenye kipindupindu unaochota maji ziwani, hilo si jambo dogo.

Maji ya kufulia yanafaa? (Mwanafunzi, Mabanga)

Yanafaa, pamoja na maji ya mvua ambayo moshi wa volkano ya Nyiragongo umeyaharibu yasinyweke. Mimina maji ya kufulia moja kwa moja ndani ya bakuli, kamwe si ndani ya shasi, na usiyalaze usiku kucha.