Mazimwi Yako na Mahindi ya Bibi

Mwanangu mpendwa,

Mama yako na mimi hatujambo. Unasema unaandika hadithi yenye jeshi la mazimwi elfu kumi, na unaniuliza mimi niliyetunza stoo ya chakula kambini: mazimwi hayo yale nini? Watu? Nyama mbichi?

Yale yanachotaka. Mimi naona la kuuliza ni nani atayabebea.

Piga hesabu. Kila zimwi likila kilo 2 tu kwa siku, na ukubwa wote ule, tayari unatafuta tani 20 kila kukicha. Malori huna. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi za unga, naye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Mtume mwendo wa siku 10, arudi siku 10: yeye amekula 20, jeshi limepata 5. Afrika Mashariki hii iliyaona hayo katika vita vya 1914 hadi 1918. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, basi wakubwa wakabebesha watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yao.

Na ukisema mazimwi yanakula watu, umejifunga zaidi. Kijiji kikiliwa leo, kesho nani atalima? Jeshi la namna hiyo haliwezi hata kurudi kwa njia liliyopitia. Nimekuambia tangu utotoni: chakula cha jeshi hutoka kwenye sufuria ya mtu.

Sufuria ya bibi yako, kwa mfano. Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeshaanguka, askari wa Idi Amin walioshindwa wakikimbilia mashariki, nasi tulikuwa kule kule Bugiri, karibu na barabara. Kuku walichukuliwa mapema, bibi hakusema neno. Kisha wakaja vijana wengine, wakaingia jikoni, wakaona mahindi ya mbegu yamening'inizwa juu ya moshi, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Vita vilikuwa vimemchelewesha kupanda. Akawaambia, "Wanangu, hiyo ni mbegu," akawatolea muhogo. Muhogo wakala. Halafu wakapukuchua mahindi, makavu kama kokoto, wakayachemsha mpaka usiku. Mimi ndiye niliyetumwa kuni. Msimu ule shamba letu, lililokwisha kulimwa, liliota magugu.

Bado inaniuma. Kuku utafuga wengine. Mbegu ni msimu mzima.

Lakini walikuwa na njaa. Nilipoingia jeshini mwenyewe niliona kikosi kikingojea posho na maharage huku lori limekwama kwenye matope. Watu wapole kabisa waligombania ukoko. Mwenye kosa ni aliyewapeleka vitani bila unga. Ndivyo ninavyojiambia. Kisha nakumbuka kwamba muhogo walikuwa wameshakula, na hoja yangu inavunjika. Tena nakumbuka kwamba mahindi yalipoiva, mmoja wao alinichotea mimi kwanza, mbele ya wenzake, nami nikala huku bibi akinitazama. Usiniulize kama walikuwa watu wabaya. Jibu ninalo mdomoni, ila nalizuia kwa ajili ya yule mmoja, na si kazi rahisi.

Basi, kwenye hadithi yako weka stoo na mtu wa kuitunza. Hesabu magunia kabla ya mapanga. Mto ukifurika, unga uchelewe, tuone mazimwi yanavyotazamana. Na yule ambaye jeshi litakula kwake mpe jina na shamba, asiwe moshi tu unaoonekana kwa mbali. Chakula cha jeshi, narudia, hutoka kwenye sufuria ya mtu. Ukimaliza sura hiyo usinitumie kwa simu. Njoo nayo nyumbani Desemba utusomee. Mama yako ana maswali yake kuhusu wanaopika.

Ni mimi baba yako.