Ukitaka kazi ya mazingira Pemba, anzia topeni

Wengi wanaomaliza skuli na kutamani kazi ya mazingira hukimbilia mafunzo ya siku mbili yenye posho. Posho huisha jioni ile ile. Tafuta jambo utakaloweza kulifanya kila bamvua (siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa mno), mwaka mzima, bila ya kulipwa. Mikokoni ni pahala pazuri pa kujipima: kama hulipendi tope, utajijua mapema.

Pita kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwenu, akukutanishe na kamati ya mazingira ya shehia. Kabla hamjachagua pa kupanda mikoko, kaeni na wavuvi na akina mama wa mwani. Uwanda unaouona mtupu huenda ndio njia ya madau au shamba la mtu, na miche itang'olewa usiku bila ya mtu kusema neno.

Mbegu ya mkoko imeiva ikishafanya pete ya manjano chini ya tunda. Izungushe kidogo tu, itatoka. Ukiivuta kwa nguvu chipukizi huvunjika, na hapo umepanda kijiti. Ziweke kivulini ndani ya pakacha, zisikauke. Ncha iliyochongoka huenda chini, theluthi ya urefu izame topeni, na baina ya mche na mche uache mita 1. (Wapo wanaopanda kichwa chini miguu juu. Cheka, kisha wageuzie.) Siku za bamvua maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Miadi yenu ifuate maji.

Kosa kubwa ni kupanda mkoko mbele kabisa, kwenye mawimbi, kwa kuwa ndipo picha inapopendeza. Huko ni kwa mlilana, mti mwingine wa mikokoni. Jingine ni kupanda penye watu wanaokata kuni za tanuri la chokaa, bila ya kuzungumza nao.

Sasa daftari, ambalo karibu kila mtu hulipuuza. Andika tarehe, pahala, aina na idadi. Rudi baada ya mwezi 1, 3, 6 na 12, uhesabu miche iliyo hai, na iliyokufa uandike imekufaje: imeliwa na kaa, imefukiwa na mchanga au imeng'olewa. Kwenye usaili wenzako watasema wamepanda miche 2,000. Wewe taja mingapi imepona kati ya 500, na mingine imeponzwa na nini. Mwaka ukikatika na hesabu hizo bado zinakuchosha, jaribu nyuki au mwani. Sheha ni yule yule.