Boti ya kwanza ya mtumba: usikate tamaa, ila shika mashine kwanza

Pole sana, ndugu yangu. Umeandika kwamba kwa miezi mitatu umekagua boti tano za kununua kati ya Tanga na Bagamoyo, na kila moja picha inang'aa, ukifika unakuta jingine. Nayajua machungu hayo. Nauli inakwisha, na muuzaji anakuharakisha eti kuna mteja mwingine njiani. Mwache amchukue huyo mteja.

Hiyo ya faiba uliyoitaja, yenye mashine ya Yamaha Enduro ya HP 40, usiilipie bado. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa mashine. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini: huenda inasumbua kuwaka ikiwa baridi. Mwombe fundi wako, si wake, apime kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda. Silinda ni mbili, na vipimo vyake vinatakiwa vikaribiane. Fungueni oili ya gia pia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Mimi niliumia kwenye ubao wa nyuma, pale mashine inapofungwa. Juu faiba safi, rangi mpya, ndani mbao imeoza. Nilitumia pesa nyingi kuujenga upya. Kwa hiyo gonga kote kwa mpini wa bisibisi usikilize. Penye mlio mzito, uliofifia, pana maji. Halafu inua mguu wa mashine kwa mikono miwili uone kama ubao unacheza.

Nambari ya mashine ifanane na karatasi, na usajili uuhakiki TASAC, shirika la serikali linalosajili vyombo vya majini. Mwisho, mtoke nayo baharini nusu saa nzima. Akikataa, ondoka.