Nataka mbwa mwaminifu, na kutwa siko nyumbani

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi peke yangu Ipuli, Tabora, nyumba ya kupanga yenye ukuta. Mdogo wangu niliyekuwa nikikaa naye ameolewa, na tangu aondoke nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji inavyonguruma. Naondoka saa moja asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni. Msimu wa masoko ya tumbaku narudi usiku, maana ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika. Mwezi uliopita wezi wameruka ukuta wakabeba pampu ya maji. Mwenzangu kazini ananiuzia mtoto wa German Shepherd wa wiki sita kwa laki nne. Nataka mbwa awe mwaminifu kwangu mimi tu, asizoeane na mtu mwingine. Fundi mmoja kanishauri nimlishe pilipili na kumfungia gizani ili awe mkali. Nifanyeje? Na nimpe jina gani?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa pampu, na pole kwa ukimya wa nyumba.

Mtoto wa wiki sita usimchukue, hata akikupa bure. Wiki sita ni mapema mno kumtenga na mama yake. Hadi wiki ya nane anakuwa bado anacheza na ndugu zake, na katika kung'atana huko ndiko anakojifunza kupima nguvu ya meno yake. Anayetolewa mapema mara nyingi hukua akiuma kwa nguvu bila kujua kwamba anaumiza. Halafu kuna kibofu. Hesabu yake ya kukadiria ni umri kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili ana saa tatu, na wewe unakuwa nje saa kumi. Tena kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ndipo mbwa anapoizoea dunia: watu, baiskeli, honi za bodaboda, watoto wanaokimbia. Wiki hizo akizipitisha peke yake nyuma ya geti, ukubwani ataogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watoto wa watu.

Sasa hilo la "kwangu mimi tu". Hapa tutofautiane kidogo. Mbwa anayekung'ang'ania wewe peke yako ndiye hasa asiyekufaa, kwa sababu ukifunga geti asubuhi anachanganyikiwa. Atabweka kwa kulia mpaka mtaa uchoke, atakwangua mlango mpaka kucha zitoke damu, atatafuna ndala zako zote. Na siku ukilazwa hospitali au ukienda kumsaidia mdogo wako akijifungua, nani atamsogelea amwekee chakula? Unayemhitaji ni mbwa anayekupenda na bado anaweza kulala usingizi wake ukiwa haupo. Mbwa wa namna hiyo humjua mtu wake vizuri tu. Anamjua kwa anayemlisha, anayetembea naye, na anayerudi kila jioni bila kubadilika.

Kwa hiyo tafuta mbwa mzima wa miaka miwili hadi minne, wa kienyeji au chotara, uzito wa kilo 15 hadi 20, jike aliyefungwa kizazi au dume aliyehasiwa. Watu wanawadharau mbwa wa kienyeji, sijui kwa nini. Manyoya yao mafupi yanavumilia joto la Septemba na Oktoba la Tabora kuliko koti zito la German Shepherd, na hawana sana tatizo la nyonga linalowasumbua wale wakubwa. Dume asiyehasiwa atatoroka akisikia harufu ya jike mtaa wa tatu. Jike asiyefungwa hupata joto takribani kila miezi sita au saba, kwa wiki kama tatu, na madume wote wa Ipuli watalala getini kwako. Kama aliyepatikana hajafanyiwa, daktari wa mifugo atamfanyia.

Wanapatikana wapi? Ulizia watumishi wanaohamishwa. Walimu, askari na wauguzi wakipata uhamisho wa kwenda mbali, mbwa ndiye anayebaki. Faida yake ni kwamba mwenye mbwa yupo na unaweza kumuuliza: ameshauma mtu? Analala wapi? Anafanya nini nyumba ikibaki tupu? Na akuonyeshe kadi ya chanjo yenye tarehe na sahihi. Mbwa wa kuokota barabarani mwenye makovu mapya ya kuumwa mwache, kwa sababu kichaa cha mbwa kinaweza kujificha mwilini miezi kadhaa kabla ya kujitokeza.

Nenda ukamwone mara tatu kwa siku tofauti, usikate shauri siku ya kwanza. Mara ya kwanza kaa tu, usimwite. Mbwa mzuri atabweka, kisha mwenyewe akimwambia basi atanyamaza na kuja kukunusa. Anayejificha chini ya gari nusu saa nzima, au anayekukodolea macho mwili umekakamaa na mkia umesimama, mwache. Mara ya pili nenda wakati wa kula. Mwenyewe amguse mgongoni akiwa anakula, amshike miguu, masikio na mdomo. Akinguruma hapo, atakungurumia wewe pia. Muombe mtu adondoshe sufuria nyuma yake. Kushtuka ni sawa, ila ndani ya sekunde chache awe amerudi kunusa ile sufuria.

Mara ya tatu ndiyo ya maana zaidi kwako. Mwenyewe amwache uani, mtoke nyote, mfunge geti na mkasimame mahali asipowaona wala kuwanusa kwa dakika 30. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayomfichua mbwa asiyeweza kukaa peke yake. Kulia kidogo kisha kujilaza ni kawaida. Akilia mfululizo, akazunguka bila kutulia, na mkirudi mkakuta udenda umemlowesha kifua au mlango umekwanguliwa, huyo apewe mtu anayeshinda nyumbani.

Siku hiyohiyo mkague mwili. Bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachie: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe maana yake damu imepungua, mara nyingi kwa minyoo au magonjwa ya kupe. Tazama ndani ya masikio na katikati ya vidole, kupe hujificha huko, na funza pia. Macho yawe maangavu. Kama mbwa amekuwa akifuatana na warina asali porini Sikonge au Urambo, uliza zaidi, kwa sababu mbung'o wa misitu ya miombo huwaambukiza mbwa nagana, yaani malale ya wanyama. Dalili zake ni homa, kukonda, uso kuvimba, na jicho kufunikwa na ukungu mweupe au wa buluu. Ugonjwa huo unatibika ukiwahi, lakini usikubali mtu amchome dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Dozi ikizidi kidogo tu inamharibu mbwa ubongo.

Mlete nyumbani Ijumaa jioni, na uwe umeomba likizo ya wiki nzima inayofuata. Wiki tatu za kwanza asitoke getini bila kamba, maana mbwa mzima akipotea hutafuta nyumba yake ya zamani. Jumamosi anza somo la kubaki peke yake. Chukua funguo na mkoba, toka, hesabu hadi 30, rudi. Usimuage, usimkumbatie ukirudi. Rudia mara tano au sita. Kesho yake dakika mbili, kisha tano, kumi, ishirini, saa moja. Kanuni ni moja: urudi kabla hajaanza kulia. Ukichelewa akalia ndipo ukarudi, atajifunza kwamba kilio ndicho kinachokurudisha. Akilia, subiri anyamaze walau sekunde chache ndipo uingie, na mara inayofuata punguza muda. Ukiona umefikisha muda wa saa nne bila kelele, yanayobaki yatakuja yenyewe.

Hata hivyo saa kumi ni nyingi kwa mbwa yeyote. Tafuta mtu, labda mama anayekufulia au kijana wa jirani, aje saa sita mchana kwa dakika 20 kubadilisha maji na kumtembeza. Mtu huyo awe yuleyule kila siku, na wiki ya likizo yako amlishe mbele yako mara kadhaa. Wakati wa masoko ya tumbaku huyohuyo atampa chakula cha jioni. Wewe mwenyewe amka saa kumi na moja alfajiri, mtembeze dakika 30 hadi 40. Mbwa aliyechoka asubuhi hulala mchana.

Banda liwe na upana wa sentimita 70, urefu mita moja, kimo sentimita 80, likae juu ya matofali ili maji ya masika yapite chini. Kubwa mno halihifadhi joto usiku wa Juni na Julai. Liweke chini ya mwembe kama unao. Bati tupu kwenye jua ni tanuri, tandika nyasi juu yake. Matandiko yaanikwe juani kila wiki, na sakafu ifagiliwe, vumbi ndilo nyumba ya funza. Maji weka vyombo viwili vizito, chungu ni kizuri kwa sababu hakipinduki. Mbwa wa kilo 15 hunywa kama lita moja kwa siku, na Oktoba inaweza kufika mbili.

Chakula cha mbwa huyo kwa siku: unga wa mahindi gramu 150, yaani kikombe kimoja cha mililita 250, usongwe ugali laini. Ongeza dagaa wakavu gramu 70, viganja viwili vilivyojaa, waliooshwa mchanga na kuchemshwa, kijiko kikubwa cha mafuta, na mchicha au boga kidogo. Dagaa wa Kigoma wanaoshuka na treni wanafaa sana, kwa sababu analiwa mzima na mifupa yake, na huko ndiko inakotoka kalsiamu. Theluthi moja asubuhi, inayobaki jioni. Chumvi na vitunguu hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha. Mapafu na maini ya buchani yachemshwe. Na usikubali kuuziwa "unga wa mbwa" uliotoka kwenye mahindi yaliyovunda. Sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa mahindi, huua ini la mbwa haraka kuliko la mtu, na mwenye mbwa hubaki akidhani amerogwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Kama kadi haipo, achanjwe upya, haidhuru. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Kupe watoe kwa mkono kila jioni, na dawa ya kuogeshea ng'ombe usiitumie bila daktari wa mifugo kukupimia. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyohiyo, na mbwa afungiwe siku kumi aangaliwe.

Fundi wako mwambie asante, abaki na pilipili yake. Inamchoma mbwa tumbo tu. Giza linamfanya mwoga, na mwoga hachagui nani wa kumuuma. Kumtesa mnyama pia ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mwizi anachokimbia ni kelele inayoamsha watu, na kubweka hakufundishwi kwa mateso. Chakula chake cha jioni mpe giza likiingia, ili nyama yenye sumu itakayorushwa na wezi juu ya ukuta imkute ameshiba, na alfajiri pita kando ya ukuta na tochi uiokote.

Kabla ya yote hayo, ongea na mwenye nyumba na upate kibali chake kwa maandishi. Kisha waone majirani. Tabora ni mji wenye Waislamu wengi, na kwa wengi wao mate ya mbwa ni najisi, ingawa mbwa wa ulinzi anaruhusiwa. Banda lisiwe karibu na bomba la maji wala njia wanayopita kwenda kuswali, na mbwa wako asimguse mtu aliyekwishatawadha. Ukiyasema haya wewe kwanza, hawatakuwa na sababu ya kuja kuyasema wao kwa hasira.

Jina: silabi mbili, lisifanane na "kaa" wala "njoo". Kama tayari ana jina lake, liache hilohilo. Na tafadhali usimwite Mtajiju au Hayawahusu kama wafanyavyo wengine kuwarushia majirani vijembe. Utakuwa ukiliita kwa sauti kila jioni, na hao majirani ndio watakaotoka usiku akibweka.