Muulize Anko: Kwani watu wanaajiri shati au fundi?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29, nafunga kamera za ulinzi majumbani na maofisini, kazi naijua vizuri tu. Shida yangu nikifika getini mlinzi ananiuliza we unamtaka nani, nikiingia ndani mteja ananiuliza fundi mwenyewe yuko wapi, yani mimi nimebeba ngazi kabisa! Nina mwenzangu tunasaidiana, waya hata kuchomeka vizuri hajui ila anachomekea shati, anapiga kiwi, basi kila mtu anaongea na yeye, na juzi mteja kamkabidhi yeye hela yote. Hivi ni kweli watu wanaangalia nguo tu? Na nikianza kupendeza si wateja wataona nina hela waanze kunikandamiza kwenye bei? Fundi Kamera, Tabata.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ndiyo, wanaangalia nguo, na usiwakasirikie sana. Mlinzi hajawahi kuona kazi yako, ana sekunde chache za kuamua akufungulie au akuweke pembeni na kitu pekee alichonacho mkononi ni vile ulivyofika. Mteja naye hajui kutofautisha kamera iliyofungwa vizuri na iliyofungwa ovyo mpaka mvua inyeshe, kwahiyo anatafuta dalili, anaona kola imenyooka anajiambia huyu hata waya zangu atazinyoosha. Mara nyingi anakosea kama alivyokosea kwa mwenzako, lakini hela kashatoa.

Na sio mafundi peke yenu. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Wetang'ula, alipiga marufuku kaunda suti bungeni, vazi ambalo Rais Ruto mwenyewe analipenda sana. Kama mheshimiwa mwenye kura zake anaweza kuzuiwa mlangoni sababu ya koti, wewe na fulana yenye rangi ya nyumba ya mteja wa jana unategemea nini?

Sasa usikimbilie suti, fundi wa kamera aliyevaa suti anatisha, watu watadhani umekuja kukagua kodi. Tafuta suruali mbili za kadeti rangi ya giza na fulana tatu za kola za rangi moja, kisha peleka Kariakoo wakudarizie jina la kazi yako kifuani. Hapo mlinzi hakuulizi tena, anasoma. Ovaroli iweke kwenye begi, fika msafi, salimia, kagua eneo na mteja, elewaneni bei, NDIO uvae ovaroli upande ngazi, ukimaliza vua tena kabla ya kwenda kukabidhi kazi. Hela nayo utapewa wewe.

Mitumba ya soko la Karume inatosha kabisa, wahi asubuhi wanapofungua belo, geuza kola uangalie kwa ndani, angalia kwapani, angalia zipu. Alafu ukishanunua usiivae hivyo hivyo, hapa ndipo wanaume wengi tunapojiharibia, mtu ananunua shati zuri la mtu mwenye mabega mara mbili yake anavaa linaning'inia. Mpelekee fundi cherehani akubanie mbavuni na akukatie suruali isiburuze chini, anakutoza hela ndogo tu na shati la bei chee linaonekana limeshonwa kwa ajili yako. Viatu navyo, vikiwa vya zamani sawa ila visiwe na tope la juzi.

Kuhusu bei, umewaza kinyume. Mteja akikuona nadhifu ndio anaogopa kukutajia bei ya kukudharau. Panapouma ni unapoenda kununua wewe, kule Kariakoo wauza waya wanakupima kuanzia kwenye viatu, na dalali wa nyumba ndio usiseme kabisa! Siku ya manunuzi vaa raba zako za kawaida. Na ndugu nao wataanza kukupigia simu za shida, hilo mimi bado sijalipatia dawa.

SWALI: Anko, mwezi ujao naenda Tanga kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Kaka yangu ananiazima suti yake ila yeye ni mnene. Nivae hiyo au kanzu? Mkwe Mtarajiwa, Morogoro.

JIBU: Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hiyo ya kwako itakuwa inayumba kabisa. Muulize mchumba nyumbani kwao wanapendelea nini, kama ni watu wa kanzu na wewe umezoea kuivaa basi kanzu safi iliyopigwa pasi na kofia inatosha, kama hujazoea utajikwaa mbele ya baba mkwe. La sivyo vaa shati la mikono mirefu la kwako mwenyewe na suruali ya kitambaa. Na soksi zikague mapema, maana ukifika mlangoni utavua viatu na mashemeji wote macho yapo chini.