Kabla hujagusa stori ya wakubwa, anza na simu yako

Wadogo zangu mnaoingia habari za upekuzi hapa Nairobi mnanitumia meseji kila wiki mkiuliza wakili mzuri ni nani, na mi nawajibu tu, simu yako iko aje? Mei 2025 watengeneza filamu wanne walikamatwa hapa mjini kwa sababu ya ile filamu ya BBC kuhusu mauaji ya waandamanaji ya Juni 25, 2024 pale bungeni, ambayo BBC yenyewe ilisema hawakuhusika, wakaachiliwa lakini simu zikabaki kwa polisi, na ziliporudi watafiti wa Citizen Lab ya Canada wakakuta mbili zimewekwa programu ya kupeleleza inaitwa FlexiSPY. Sasa fikiria sosi wako wote, watu wanaokupa habari, wako humo ndani.

So simu ikishachukuliwa, ikirudi usiiwashe ati uone kama iko sawa. Laini usirudishe humo, mpelekee fundi wa usalama wa dijitali kwanza. Alama ya kidole zima leo, tumia namba ndefu, kidole chako kinaweza shikwa kikabonyezwa kwa nguvu. Sosi mpe jina la bandia, hata kwa notibuku.

Halafu zoea kuandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 akujibu, akikuzungusha unampeleka kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Inachosha, najua, but karatasi uliyopewa rasmi hakuna mtu atakamatwa akiulizwa nani aliivujisha.

Mahakama nayo usiitegemee peke yake. Juni 2025 ilisimamisha amri ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kukataza maandamano yasionyeshwe mubashara, sawa, lakini 2018 iliamuru tivi zilizozimwa na serikali zirudishwe hewani na bado zikakaa gizani siku kadhaa.

Kitu kingine hakisemwi sana, stori nyingi haziuliwi na polisi, zinauliwa na tangazo. Yangu moja ililala kwa edita mpaka ikaoza kisa mteja mkubwa wa matangazo alipiga simu, na hakuna mtu hata alinitisha. Siku hizi nikishika fail nzito natafuta mwenzangu wa chombo kingine tunafanya pamoja, huku ikizimwa kule inatoka.

Na wewe mwenye nyaraka, uko tu ofisini kwa serikali unasoma hii: usitume na imeili ya kazi, na usichapishe kwa printa ya ofisi, nyingi zinaweka rekodi ya nani alichapisha nini saa ngapi.